MAISHA YA WATU WAKUBWA: JOHANN SEBASTIAN BACH, MWIMBISHAJI WA LEIPZIG



Kila mwaka, tarehe 21 ya mwezi wa tatu, kama unazungusha redio na kutafuta vituo vya mbali, huenda utasikia orge, zeze na waimbaji wa sauti nne, na msemaji anarudilia jina moja tu: Bach. Ni juu ya siku yake ya kuzaliwa. Redio nyingi za Ulaya na za Amerika zina desturi ya kukumbuka watunzi na wapigaji wa zamani siku ile walipozaliwa. Tarehe 27 ya mwezi wa kwanza ni zamu ya Mozart, tarehe 23 ya mwezi wa pili ni zamu ya Händel. Wengine wanamkumbuka Bach tarehe 31 badala ya 21, juu katika mji wake watu walikuwa wangali wakihesabu siku kwa kalenda ya zamani, iliyokuwa nyuma kwa siku kumi.

Najua wengi kati yetu wakisikia muziki wa namna hii wanazungusha redio tena haraka mpaka wapate rumba. Siwakatazi, rumba ni nzuri. Lakini inafaa tujue huyu mtu alikuwa nani, zaidi sana sisi wa korali. Alikuwa mwanafunzi wa masomo ya kanisa kama sisi, kisha akawa mwalimu wa wanafunzi wa enternati kama sisi. Na kuna habari moja katika maisha yake inayowahusu viongozi wa wanafunzi, nami nitaieleza bila kuficha.

Mtoto yatima

Johann Sebastian Bach alizaliwa mwaka wa 1685 huko Eisenach, mji mdogo wa Ujerumani. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji. Kazi hii ilikuwa ya ukoo, kama vile kwetu kuna jamaa za wahunzi. Katika ukoo wa Bach walihesabiwa wanamuziki zaidi ya 50. Johann Sebastian alikuwa kitinda-mimba, mtoto wa nane. Alisoma katika shule ile ile ambamo Martin Luther alisoma karibu miaka 200 mbele yake. Na juu ya mlima, karibu na mji, ingaliko hata leo ile boma ya Wartburg ambamo Luther alijificha na kutafsiri Agano Jipya.

Mwaka wa 1694 mama yake alikufa. Miezi michache tu ikapita, na baba akafa vilevile. Mtoto hakuwa bado na miaka kumi. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga orge katika mji wa Ohrdruf, akamchukua na kumlea. Huyu kaka alikuwa na buku moja ya muziki wa walimu wakubwa, lakini alimkatalia mdogo wake kuisoma, akaifungia katika kabati yenye wavu. Watoto wa Bach walieleza nyuma kwamba yeye aliingiza mkono mdogo kati ya wavu, akakunja ile buku, akaitoa, na akainakili usiku kwa mwangaza wa mwezi, juu hakupewa taa. Kazi hii ilichukua miezi sita. Alipoimaliza, kaka akaigundua na kumnyang'anya. Basi, wale wanaolalamika kwamba stima imekatika na hawawezi kusoma, wafikiri kidogo juu ya habari hii.

Safari za miguu

Alipokaribia miaka 15, nyumba ya kaka ilikuwa imejaa watoto. Bach alisikia kwamba huko Lüneburg, upande wa kaskazini, shule moja ya kanisa inapokea vijana masikini wenye sauti nzuri. Wanaimba katika korali, nao wanapewa masomo, chakula na pahali pa kulala. Akaenda pamoja na rafiki mmoja, safari ya zaidi ya kilometa 300, na pasipo shaka sehemu kubwa waliitembea kwa miguu. Sauti yake ya kitoto ilivunjika upesi, lakini walimwacha aendelee na masomo, kwa kuwa alijua kupiga vyombo.

Mwaka wa 1703, akiwa na miaka 18, kama wengi wetu wa mwaka wa sita, alipewa kazi yake ya kwanza kubwa: kupiga orge mpya ya kanisa la Arnstadt. Orge, kwa wale wasioijua, ni kinanda kikubwa sana cha mabomba kinachoimba kwa nguvu ya upepo. Mpigaji anatumia mikono miwili na miguu miwili pamoja.

Tusifikiri kwamba alikuwa malaika. Alikuwa na hasira ya karibu. Huko Arnstadt alipewa kufundisha wanafunzi waliokuwa rika lake, wengine wakubwa kumpita, nao hawakumheshimu. Alimtukana mmoja wao juu ya namna alivyopiga filimbi yake kubwa, na usiku yule kijana alimngojea njiani na fimbo. Bach akachomoa upanga. Kama wenzao wasingewatenga, huenda leo hakuna redio ingetaja jina la Bach. Mwisho wa mwaka ule wa 1705 aliomba ruhusa ya majuma manne aende Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude, mpiga orge mwenye sifa kubwa. Alitembea karibu kilometa 400. Ile ruhusa ya majuma manne ikawa karibu miezi minne! Aliporudi, wakubwa wa kanisa wakamwita na kumuuliza maswali makali, hata juu ya sauti za kigeni alizoingiza katika nyimbo mpaka waamini wakapotea.

Kifungo na msiba

Mwaka wa 1707 alimwoa Maria Barbara, binti wa ukoo wake mwenyewe. Mwaka uliofuata akaingia kazi kwa mtawala wa Weimar. Alikaa huko miaka tisa na akatunga sehemu kubwa ya muziki wake wa orge. Lakini mwaka wa 1717 alipotaka kuacha kazi aende kwa mkubwa mwingine, mtawala alikasirika na kumtia kifungoni karibu mwezi mmoja. Zamani zile mtumishi hakuweza kuondoka kama anavyotaka, hata akiwa fundi wa namna gani.

Alipotoka kifungoni akaenda Köthen, kwa mwana wa mfalme Leopold, kijana aliyependa muziki sana. Ilikuwa miaka ya furaha. Hapo ndipo alipomaliza zile konseti sita zinazoitwa za Brandenburg, ambazo redio zinapenda sana kuzipiga. Lakini mwaka wa 1720 alifuatana na bwana wake kwa safari ya miezi miwili. Alipoondoka, Maria Barbara alikuwa mzima. Aliporudi na kuingia nyumbani, akaambiwa kwamba amekwisha kufa na kuzikwa. Walibaki watoto wanne bila mama. Yeye aliyekuwa yatima alijua maana yake.

Mwisho wa mwaka wa 1721 alimwoa Anna Magdalena, mwimbaji wa miaka 20. Mama huyu aliwalea watoto wa kwanza pamoja na wake, tena alinakili muziki mwingi wa bwana wake, hata mwandiko wao ukafanana. Jumla Bach alizaa watoto 20 na wake hawa wawili. Kumi tu walifikia utu uzima. Kumi aliwazika.

Kazi ya Leipzig

Mwaka wa 1723 alihamia Leipzig kuwa kantori, maana yake mwimbishaji na mwalimu wa muziki katika masomo ya Mtakatifu Tomasi. Hawakumtaka yeye kwanza. Walimtaka Telemann, akakataa. Walimtaka Graupner, mtawala wake akamzuia. Ndipo wakamchukua Bach, mtu wa tatu. Leo ni wangapi wanaokumbuka jina la Graupner?

Kazi yenyewe ilikuwa nzito. Aliishi ndani ya nyumba ya masomo pamoja na wanafunzi wa enternati waliokuwa karibu 55. Kwa zamu, juma moja kati ya majuma manne, alikuwa msimamizi wa nidhamu. Wanafunzi hawa waliimba katika makanisa manne ya mji, katika arusi, katika mazishi na hata barabarani ili kupata feza kidogo. Karibu kila siku ya Mungu ilihitaji kantata, maana yake muziki mrefu wa waimbaji na vyombo unaofuata somo la Biblia la siku ile. Miaka ya kwanza Bach alitunga kantata mpya karibu kila juma! Aliiandika, akapasha watu wa kunakili sehemu moja moja, akafanya repetisyo, na siku ya Mungu asubuhi ikaimbwa. Siku ya pili akaanza nyingine. Zimebaki karibu 200. Aliandika tena ile kubwa ya Mateso ya Bwana Yesu kufuatana na Yoane, iliyoimbwa mwaka wa 1724, na ile kubwa zaidi kufuatana na Matayo, iliyoimbwa Ijumaa Kuu ya mwaka wa 1727. Mwisho wa kazi nyingi alitia herufi tatu, S.D.G., ambazo kwa Kilatini maana yake ni utukufu kwa Mungu peke yake.

Wakubwa wa mji walimlipa kidogo na kumnung'unikia sana. Mwaka wa 1730 aliwaandikia mukanda wa kuwaeleza hali ya korali. Alihesabu wanafunzi mmoja mmoja: 17 wanaweza kazi, 20 hawajaweza bado, na 17 hawana faida yoyote kwa muziki. Wenzangu wa korali, tusiulize sisi tungehesabiwa upande gani!

Habari ya viongozi wa wanafunzi

Sasa tufike kwa ile habari niliyoahidi. Kwa kuwa korali moja haikuweza kuimba katika makanisa manne kwa saa moja, wanafunzi waligawanywa kuwa korali nne. Bach aliongoza moja, na nyingine ziliongozwa na wanafunzi wakubwa walioitwa prefekti. Siyo kama prefe wetu wa masomo. Ni wanafunzi, kama sisi viongozi hapa.

Mwaka wa 1736 prefekti wa kwanza, kijana aliyeitwa Gottfried Krause, aliwapiga wadogo waliofanya makelele katika arusi. Mmoja wao akashitaki. Mkubwa wa masomo, Ernesti, aliyekuwa kijana mwenye akili nyingi na asiyependa muziki upite masomo, aliamuru Krause apigwe viboko mbele ya masomo yote. Krause alikuwa karibu kwenda yunivasite. Aliomba asamehewe aibu ile, ikashindikana, akatoroka. Ndipo Ernesti akamweka Krause mwingine, Johann Gottlob, bila kukubaliana na Bach. Bach alisema huyu hajui kuongoza korali. Siku ya Mungu moja akamfukuza kanisani katikati ya ibada. Ernesti naye akatangaza kwamba mwanafunzi yeyote atakayekubali kuongoza kwa neno la Bach atapigwa. Siku moja hakukuwa na prefekti aliyethubutu kuanzisha wimbo, na mwanafunzi wa zamani wa Bach aliyekuwa kanisani akaombwa kusaidia.

Magomvi haya yaliendelea karibu miaka miwili, mashitaka yakafika kwa mfalme mwenyewe. Wanahistoria wanaandika nani alikuwa na haki, Bach au Ernesti. Mimi nafikiri zaidi juu ya wale wadogo. Walikuwa na miaka kumi na miwili, kumi na mitatu. Wakimtii huyu, yule anawapiga. Wakimtii yule, huyu anawafukuza. Hawakujifunza vizuri, wala wimbo wala Kilatini. Na vita hivi vyote vilianza kwa fimbo ya kiongozi wa wanafunzi aliyepita kiasi. Kiongozi ana uwezo mdogo tu, lakini akiutumia vibaya, wakubwa wawili wanaweza kugombana miaka miwili juu yake, na wadogo ndio wanaolipa. Ndiyo sababu hapa kwetu kiongozi anaandika jina la mkosaji na kulipeleka kwa mwalimu, hapigi. Wengine wanaona ni uzaifu. Wasome tena habari ya Krause.

Mwisho wake

Mwaka wa 1747 mfalme Frederiki wa Prusia alimwita Bach kwake Potsdam, akampa sauti chache za wimbo, akamwomba azipanue palepale. Mzee alizipanua mbele ya wote. Aliporudi nyumbani akatunga buku nzima juu ya zile sauti na kumtumia mfalme.

Lakini macho yalikuwa yanazimika. Mwaka wa 1750 munganga mmoja wa Kiingereza, John Taylor, aliyetembea mji kwa mji na kujisifu sana, alimpasua macho mara mbili. Bach akapofuka kabisa, nguvu zake zikaisha, na tarehe 28 ya mwezi wa saba akafa, mwenye miaka 65. Yule munganga alimpasua macho Händel naye nyuma, na Händel hakupona.

Bach alizikwa pasipo jiwe la jina. Vitu vyake viligawanywa. Sehemu ya muziki ilipotea mikononi mwa mtoto wake mkubwa aliyeuza kwa sababu ya umasikini. Anna Magdalena aliacha sehemu nyingine kwa masomo ya Mtakatifu Tomasi, na ile ikapona. Yeye mwenyewe alikufa mwaka wa 1760, akiishi kwa sadaka. Jambo hili linaniuma kuliko yote. Mama aliyenakili kurasa zile zote hakuwa na feza ya kumzika vizuri, na watoto wa bwana wake walikuwa wanamuziki wenye majina.

Kuamshwa tena

Karibu miaka 80 wengi walimsahau. Walimu wachache tu na wanafunzi wao walinakili kazi zake na kuzitunza. Kisha kijana Felix Mendelssohn alipewa na nyanya yake nakala ya Mateso kufuatana na Matayo. Tarehe 11 ya mwezi wa tatu, mwaka wa 1829, huko Berlin, akiwa na miaka 20 tu, aliiongoza mbele ya watu wengi. Toka siku ile jina la Bach halikulala tena.

Redio ilipozaliwa, ilifuata njia hiyo hiyo. Toka mwaka wa 1931 mpaka 1937, wanafunzi wa Mtakatifu Tomasi, chini ya mwimbishaji wao Karl Straube, waliimba kantata za Bach katika redio siku za Mungu. Mwaka wa 2005, mbele ya Noeli, redio moja ya Uingereza ilipiga kazi zake zote siku kumi, mchana na usiku.

Kama mtu anasema huyu ni wa Wazungu tu, nitamjibu kwa mambo mawili. La kwanza: munganga Albert Schweitzer, aliyeandika buku kubwa juu ya Bach mwaka wa 1905, alikuja Lambaréné, inchi ya Gabon, mwaka wa 1913. Akaleta kinanda chenye mbao za miguu, na kila jioni baada ya kazi ya hospitali alipiga Bach kando ya mto Ogooué. La pili: mwaka wa 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili mbinguni, Voyager, na ndani yake sahani ya sauti za dunia. Bach ana vipande vitatu katika sahani ile. Lakini katika sahani ile ile kuna wimbo wa wasichana Wambuti wa msitu wa Ituri, wa inchi yetu, iliyoitwa Zaire wakati ule. Basi Bach na binti zetu wa Ituri wanasafiri pamoja, mbali kupita jua na sayari zote. Hakuna aliyemwambia mwingine kwamba muziki wake ni mdogo.

Neno la mwisho

Bach hakutunga kantata ili sisi tuzisikie. Alizitunga kwa siku ya Mungu ile iliyokuwa inakuja, na wanafunzi 17 wanaoweza na 20 wasioweza bado. Hakujua kwamba zitadumu. Alijua tu kwamba Jumapili inakaribia, na kazi lazima iwe tayari, na iwe nzuri.

Ndiyo maana naomba mambo mawili. Wenye redio, tarehe 21 ya mwezi wa tatu, wapitishe rumba pembeni kwa nusu saa, waite na wenzao wasio na redio. Na wana korali, repetisyo ya juma hili isiwe ya kuchelewa na kucheka. Wale wa baso wajifunze sehemu yao mpaka mwisho. Jumapili inakaribia.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita